Oili ya giaboksi ya otomatiki kwenye lori: soma saa, usisome kilomita peke yake

Kabla hujanunua hata lita moja, lala chini ya lori usome kibati cha giaboksi. Mara nyingi naletewa lori ambalo mwenyewe anasema ni otomatiki, na madumu ya ATF, ile oili nyekundu ambayo wengi wetu tunaiita haidroliki, ameshayabeba. Nikichungulia nakuta ni I-Shift ya Volvo au AS Tronic ya ZF. Hizo hujibadilishia gia zenyewe na dereva hakanyagi klachi, lakini ndani ni giaboksi ya kawaida iliyofungiwa kompyuta. Zinatumia oili ya gia, si ATF. Ninayoizungumzia hapa ni otomatiki kamili, yenye toki konveta (kile chombo cha oili kinachokaa kati ya injini na giaboksi badala ya klachi ya kukanyaga) na safu za klachi zinazobanwa kwa nguvu ya oili. Kwenye malori, mara nyingi utakuta ni Allison, giaboksi za kampuni ya Kimarekani.

Humo ndani oili inalainisha, inapoza, inabana klachi, na kwenye konveta ndiyo inayopitisha nguvu ya injini. Kinachoimaliza ni joto. Mafundi tuna kanuni ya kukadiria: ukishapita nyuzi 80 za Selsiasi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata umri wa oili nusu. Kwa hiyo lori linalojikwamua kwenye tope, mbele nyuma mbele nyuma, linaweza kula umri wa oili wa wiki nzima ndani ya alasiri moja. Ritada, kile kifaa cha kwenye giaboksi kinachopunguza mwendo wa lori kwa kutumia oili, nayo inaongeza joto: breki zako zinapona, oili ndiyo inayobeba mzigo.

Sasa ubadilishe oili lini? Chukua Allison za mfululizo wa 3000 na 4000 kama mfano. Kwa oili ya kawaida isiyo sintetiki, ratiba iliyozoeleka ni kilomita 40,000, au saa 1,000 za injini kunguruma, au miezi 12, kitakachotangulia. Kwa kazi ngumu ni nusu yake: kilomita 20,000, saa 500, miezi 6. Sintetiki iliyoidhinishwa na mtengenezaji inakwenda mara kadhaa ya hapo. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho, maana namba hubadilika kulingana na modeli na aina ya filta.

Lakini tazama vizuri hizo namba. Gawa 40,000 kwa 1,000, unapata mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa. Niliwahi kuhudumia lori la taka lililokuwa likitembea kilomita 40 kwa siku nzima, injini ikinguruma saa kumi bila kuzimwa. Mwenyewe alikuwa anasubiri 20,000 zifike. Kwa hesabu ya saa, zile 500 zilikuwa zinatimia kila baada ya siku 50 za kazi, yaani kilomita 2,000 tu! Nilipofungua plagi ya kumwagia oili, oili ilitoka nyeusi na inanuka kama ugali ulioshika chini. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa dereva ni saa za injini. Tipa, gari la zimamoto, lori la kuchanganya zege: yote yahesabu kwa saa.

Katikati ya ratiba, tumia macho na pua. Dondoshea matone kwenye karatasi nyeupe. Wekundu ukififia kuelekea kahawia, usiogope bado, umri ni umri. Ikiwa nyeusi na ina harufu ya kuungua, klachi zimeanza kuteleza. Ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa, hilo ni jambo jingine kabisa: maji yameingia, mara nyingi kupitia kipozeo cha oili kilichotoboka. Usibadilishe oili ukaondoka. Tafuta tundu kwanza, na ujiandae kwa habari mbaya, kwa sababu maji yanabandua utando wa klachi.

Kazi yenyewe si ngumu. Endesha lori kidogo oili ipate uvuguvugu, ikimbie vizuri, lakini isiwe ya kukubabua mkono. Egesha pahali tambarare, vuta hendibreki, weka kabari kwenye matairi, fungua plagi. Chota ile ya kwanza kwenye chombo safi uitazame. Kwenye 3000 na 4000 filta ni mbili, ziko chini, kila moja na kifuniko chake. Badilisha zote mbili pamoja na o-ringi na gasketi zake. Anayebadilisha moja kubana matumizi anajidanganya. Kwenye mfululizo wa 1000 na 2000 filta iko nje, ya kuzungusha kwa mkono, na ina sumaku ndogo ya duara. Sumaku hiyo usiitupe na filta kuukuu. Ifute, uihamishie kwenye mpya. Ukikuta tope laini la kijivu juu yake, ni kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, simamisha kazi, giaboksi inataka kufunguliwa.

Kwa filta hii ya kuzungusha, pakaza oili mpya kwenye mpira wake, kaza kwa mkono. Kwenye 3000 na 4000, bolti za kifuniko zikaze kwa mtindo wa msalaba na kwa kipimo cha kitabu, kwani mwili wa giaboksi ni wa aluminiamu na nyuzi za matundu ya bolti huchanika upesi.

Jua pia kwamba oili yote haitoki. Nyingine inabaki kwenye konveta, kipozeo na mabomba, kwa hiyo usijaze kwa kufuata ujazo mzima wa giaboksi. Rudisha kiasi kile kile kilichotoka, pamoja na kidogo cha kulowesha filta mpya, kisha pima. Ikizidi, gia zinaipiga mpaka inatoa povu na presha inashuka. Ikipungua, pampu inavuta hewa. Dereva ataona dalili moja kwa yote mawili: gia zinateleza.

Kupima, oili iwe ya moto, injini iwe inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, gia nyutro, hendibreki juu. Allison zenye sensa ya oili hazihitaji kijiti: kwenye kibao cha kuchagulia gia bonyeza mishale ya juu na chini kwa pamoja, subiri kama dakika mbili kioo kikihesabu kushuka, kisha soma. OK ni sawa. LO na namba imepungua. HI na namba imezidi.

Halafu chukua kalamu ya rangi uandike kwenye mwili wa filta, au kwenye kifuniko chake kama filta iko ndani, tarehe, kilomita na saa za injini. Kesho yake, baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, lala tena chini uangalie kama plagi na vifuniko ni vikavu, na upime oili kwa mara ya pili.