Jinsi ya kuona mionzi kwa macho yako ukiwa Mbeya

Mdogo wangu unayesoma fizikia hapo Uyole na una ndoto ya kutafuta maada giza (ile maada ya ulimwengu isiyoonekana, inayojulikana kwa mvutano wake tu), anza na hiki. Chukua kindoo cha plastiki angavu, gundisha kitambaa kinene ndani kwenye kitako, kiloweshe isopropili (aina ya spiriti) ya asilimia 90 kwenda juu (ya asilimia 70 ina maji mengi, utasubiri hadi uchoke), geuza kindoo kifudifudi juu ya bati lililopakwa rangi nyeusi, ziba pembeni na tepu halafu weka juu ya barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa). Hiyo ni nyuzi -78, vaa glavu nene, fungua madirisha, na moto usiwepo kabisa!

Baada ya dakika 10 hivi zima taa, mulika tochi kwa ubavu. Utaona vinyuzi vyeupe kama vya buibui vinatokea vinapotea, ni ukungu wa spiriti pale chembe za mionzi zilipopita, aisee mara ya kwanza nilisahau hadi chai. Virefu vilivyonyooka mara nyingi ni muoni (chembe ndogo sana zinazoshuka) kutoka angani, na huku kwetu juu zinakuja nyingi kuliko Dar, vifupi vinene ni alfa, chembe nzito zinazotolewa na radoni, gesi ya mionzi iliyopo hewani.

Hizo muoni ndo kelele kwa wanaotafuta maada giza, zinaficha ishara wanayoisaka, ndo maana kule Gran Sasso, Italia, wameweka mtambo wa kuisaka wenye zenoni (gesi iliyogeuzwa kimiminika) chini ya mwamba wa mita 1,400 hivi, ili mwamba uzizuie. Wewe zihesabu kila dakika, andika daftarini.