Jinsi ya kuomba fedha za utafiti wa uti wa mgongo ukiwa Kigoma

Andiko zuri la utafiti wa mgongo linaweza kukataliwa kabla mtu hajasoma sayansi yake: barua ya hospitali haipo, kibali cha maadili hakijaanza kuombwa, au usajili wa taasisi umekwisha muda. Kwa hiyo usianze na mfadhili. Anza na rejista.

Swali na idadi ya wagonjwa

"Maumivu ya mgongo mkoani Kigoma" si swali, ni mada. Swali ni hili: anayevunjika pingili baada ya kuanguka kutoka kwenye mchikichi hufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni baada ya saa ngapi, na hufika akiwa daraja gani la ASIA, kipimo cha kimataifa cha ukali wa jeraha la uti wa mgongo? Daraja A ni yule asiye na hisia wala nguvu hadi sehemu ya haja kubwa. E ni yule ambaye hisia na nguvu ziko sawa.

Omba ruhusa ya Mganga Mfawidhi, kisha pitia kitabu namba 14 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), cha wagonjwa wa kulazwa, pamoja na rejista ya chumba cha upasuaji, miaka miwili nyuma. Tafuta namba za ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, za kuvunjika: S12 kwa shingo, S22 kwa kifua, S32 kwa kiuno. Hapa pana mtego: mara nyingi "maumivu ya mgongo" huandikwa kwa aliyeanguka, kwa mwenye kifua kikuu cha pingili na kwa aliyechoshwa na jembe. Linganisha na faili na picha ya eksirei, la sivyo hesabu yako itakuwa ya uongo.

Ukikadiria kiwango cha asilimia 50 kwa kosa la asilimia 5, kanuni ya kawaida hukupa watu 384. Gawanya kwa 0.9 ili kufidia asilimia 10 watakaopotea, wanakuwa 427. Kama rejista inaonyesha wagonjwa 60 kwa mwaka, idadi hiyo haifikiki. Badili muundo wa utafiti mapema, maana msomaji wa maombi ataigundua kasoro hiyo kwa dakika moja.

Barua na kibali

Pata barua ya Mganga Mfawidhi, ya Mganga Mkuu wa Mkoa, na za waganga wakuu wa wilaya utakakofuatilia wagonjwa. Kisha wasilisha maombi NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa), kwenye kamati ya taifa ya maadili, kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa REIMS: andiko, madodoso, wasifu wa watafiti, ratiba, bajeti na fomu ya ridhaa ya Kiswahili. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Fomu ya ridhaa isomeke na mtu wa Uvinza asiyejua udaktari, na iwe na nafasi ya dole gumba na sahihi ya shahidi. Anayezungumza Kiha tu ahudumiwe na mkalimani asiye ndugu yake.

Kibali hudumu mwaka mmoja. Taarifa ya maendeleo inatakiwa kila miezi sita, na kuchapisha matokeo kunahitaji ruhusa ya NIMR. Mradi wa miaka miwili uwe na ada ya kuhuisha kibali ndani ya bajeti. Mtafiti mwenza kutoka nje anahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia.

Mfadhili

Kwa fedha za ndani, fuatilia matangazo ya MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia ulio chini ya COSTECH. Kwa mgongo hasa, kuna AO Spine, mtandao wa wapasuaji wa mgongo ulio tawi la AO Foundation ya Davos, Uswisi. Marekani, NIH (Taasisi za Taifa za Afya) ina fungu la R21 la utafiti wa awali: hadi dola 275,000 za gharama za moja kwa moja kwa miaka miwili, malengo ukurasa mmoja, mpango wa utafiti kurasa sita. Soma kwanza sehemu ya wanaostahili. Si kila tangazo linapokea taasisi za nje ya Marekani. Taasisi, si wewe, ndiyo huomba. Inahitaji namba ya NCAGE (utambulisho wa taasisi za nje ya Marekani), usajili unaohuishwa kila mwaka kwenye SAM.gov (tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaopokea fedha zake), na akaunti ya eRA Commons (mfumo wa maombi wa NIH). Tenga wiki sita au zaidi kwa hayo peke yake.

Bajeti

Hapa ndipo tunapotaka uwe mkali na nafsi yako. Kifaa si tatizo, ufuatiliaji ndio tatizo. Mgonjwa wa kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika hatarudi Maweni baada ya wiki sita, miezi mitatu na miezi sita bila nauli ya mtumbwi na gari, yeye na msindikizaji wake. Andika kila ziara kwa mstari wake: wilaya, nauli ya watu wawili, chakula, picha ya eksirei. Ongeza vocha, na chukua namba za simu za ndugu wawili. Mstari wa "usafiri" wenye jumla moja hukatwa wa kwanza.

Kwa NIH, mwisho ni saa 11 jioni, saa za mahali taasisi inayoomba ilipo. Baada ya kutuma unapata siku mbili za kazi kuona maombi yalivyopangwa. Kosa ukiliona wakati siku ya mwisho imeshapita, hulirekebishi tena. Tuma wiki moja kabla.