Somo: Sufuria ya Jumapili, chakula kile kile hadi Ijumaa

Somo hili niliahidi hapa kikundini mwezi uliopita, baada ya watu kuniona nikibeba kontena la kijani kila siku wakaanza kuuliza kama ni dawa. Ni maharagwe tu, jamani.

Kwa wasionijua: nafanya kazi ya hesabu katika ofisi moja hapa mjini Kisumu, nakaa Mamboleo. Mke wangu, Mama Tito, anafundisha upande wa Kakamega na hurudi Ijumaa, kwa hivyo katikati ya wiki jikoni ni mimi na meko ya gesi ya kilo 6. Kwa miaka miwili hivi nilikuwa nikitoka kazini saa kumi na mbili unusu nikiwa na nia safi ya kwenda kupika mboga. Nikifika stendi, harufu ya chipsi inanikuta, nia inafia hapo. Mchana nako shilingi 250 za wali na vipande viwili vya nyama vinavyoelea kwenye mafuta. Suruali zikaanza kukataa vifungo.

Chakula bora nilikijua, kama nyote mnavyokijua. Nilikuwa nashindwa saa moja jioni, njaa imenishika, ndipo naanza kujiuliza nile nini. Siku hizi swali hilo nalijibu mara moja kwa wiki, Jumapili, nikiwa nimeshiba.

HATUA YA 1: Chagua milo mitatu, iandike

Yangu ni hii. Asubuhi uji wa wimbi, yai la kuchemsha na ndizi. Mchana maharagwe, wali kidogo na mboga. Jioni ugali, omena (dagaa wa ziwani) na mboga za kienyeji. Karatasi iko mlangoni mwa friji na imeshaanza kuwa ya manjano.

Chagua kitu ambacho tayari unakila bila kusukumwa. Kuna rafiki yangu alianza na saladi za majani mabichi alizoziona kwenye simu. Jumatano alikuwa kwenye kibanda cha mutura, ule utumbo uliojazwa nyama. Kama omena huwezi, weka ndengu (choroko) au mayai.

Kanuni moja tu nimejiwekea: nafaka na kitoweo havibadiliki, mboga inabadilika. Leo sukuma, kesho osuga (mnavu), keshokutwa kunde au mchicha, siku nyingine dek (mgagani). Kila mboga ina chake, na ukila moja tu wiki baada ya wiki kuna kitu utakikosa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kijiko kimoja cha sukuma pembeni ya mlima wa ugali hakikufikishi huko.

HATUA YA 2: Soko

Mimi huenda soko la Kibuye Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nanunua maharagwe nusu kilo, omena mkebe mmoja, mayai, nyanya, vitunguu, ndimu na mboga za siku mbili za kwanza. Mboga za kuanzia Jumatano nanunua kwa mama mboga wa karibu na nyumbani, kwa sababu sukuma ya siku tano hata mbuzi atakutazama mara mbili.

Kwa nini nusu kilo? Maharagwe makavu yakiiva huongezeka mara mbili na nusu hivi. Nusu kilo inatoa kilo moja na robo, yaani migao mitano ya gramu 250. Mgao mmoja, siku moja. Nilipokuwa nakadiria kwa macho, Jumatano yalikuwa yameisha.

HATUA YA 3: Maharagwe

Hapa ndipo watu wengi huharibu, nami niliharibu kuwashinda wote.

Jumamosi usiku yachague, yaoshe, uyaloweke kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine. Hasa kama ni yale mekundu, hakikisha yamechemka kwa nguvu dakika 10 nzima kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo moto wa chini hauiondoi. Usitie magadi. Ni kweli yanalainika haraka, lakini magadi huharibu vitamini B1, na ukishaloweka usiku kucha huyahitaji. Yapike matupu, bila nyanya wala viungo, mpaka ukibonyeza punje kwa vidole viwili inapondeka bila ubishi.

Sasa kosa langu. Wiki ya kwanza nilipika Jumapili jioni, nikafunika sufuria ikiwa moto, nikaiacha juu ya meko hadi asubuhi, ndipo nikapakia na kutia kwenye friji. Jumanne mchana nikafungua kontena pale ofisini. Kifuniko kikatoa sauti kama ya soda. Juu kulikuwa na mapovu madogo meupe, na mchuzi ulivutika kama mrenda. Mwenzangu wa meza ya pili aliinuka akafungua dirisha bila kusema neno lolote.

Sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa vuguvugu usiku kucha, na kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu vinazaana kwa raha zao. Friji haiwezi kurudisha kilichokwisha kuchacha. Siku hizi nikizima moto nagawa papo hapo kwenye kontena tano bapa, naziweka wazi kwenye karai lenye maji baridi, nabadilisha maji mara moja, na ndani ya muda wa saa mbili zote ziko kwenye friji. Tatu chini, za Jumatatu hadi Jumatano. Mbili kwenye barafu, za Alhamisi na Ijumaa. Hizo nashusha moja moja usiku wa kuamkia siku yake. Chakula kilichopikwa hukaa siku tatu au nne kwenye friji, kwa hivyo usitegemee cha Jumapili kukufikisha Ijumaa bila kugandishwa.

Wali sipiki wa wiki. Wali ukikaa nje vuguvugu unaweza kutengeneza sumu ambayo hata ukipashwa moto haitoki. Ni kikombe kimoja cha mchele wa Ahero kila asubuhi, kinaiva wakati naoga.

Kwa ladha, mgao mmoja naukaanga asubuhi kwa dakika tano. Jumatatu nyanya na dhania. Jumanne tangawizi na kitunguu saumu. Jumatano binzari. Alhamisi kijiko cha njugu iliyosagwa, na hiyo ndiyo siku ninayoingoja. Chumvi kidogo, maana kiasi cha siku nzima ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na vile vidonge vya mchuzi navyo ni chumvi.

HATUA YA 4: Omena

Zimwage kwenye sinia jeupe karibu na dirisha. Toa vijiti, magamba ya konokono, vikokoto. Kisha maji ya moto, dakika chache, halafu sugua kwa viganja polepole, mwaga, rudia. Maji ya kwanza yatakuwa kama ya mtaro. Mimi hufika mara nne. Kipimo changu ni kupitisha kidole chini ya beseni: kikikwaruzwa na mchanga, bado.

Zikishachuja maji nazikausha kwenye sufuria tupu, moto mdogo, nikigeuza kwa mwiko hadi zianze kulia kama majani makavu. Zikipoa kabisa zinaingia kwenye chupa yenye kifuniko, na chupa naiweka kwenye friji. Jioni nachukua kikombe cha chai kimoja, kitunguu, nyanya, ndimu, dakika kumi. Na kwa kuwa unazitafuna nzima na mifupa yake, madini ya chokaa unayapata bila kununua kitu kingine.

HATUA YA 5: Mboga

Chambua Jumapili ukiwa umekaa, redio ikiongea. Usizioshe, zifunge kwenye kitambaa kikavu, uzitie kwenye friji. Osha siku ya kupika, kisha ukate.

Dek na osuga ni habari nyingine. Bibi yangu alizichemsha, akamwaga uchungu, akazilaza na maziwa kwenye agulu (chungu cha udongo), na siku ya pili ndipo zikawa tamu. Wapo wanaosema kula kitu kile kile siku mbili tatu ni mambo ya kigeni; wakumbuke hilo. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa nyumbani mchana kutwa na moto wake. Sisi tuweke kwenye friji na tupashe hadi ichemke.

HATUA YA 6: Kubeba

Kama ofisini kuna maikrowevu, umemaliza. Kama hakuna, tumia chupa ya moto yenye mdomo mpana: ijaze maji yanayochemka dakika tano, yamwage, kisha tia chakula kikiwa kinatokota. Hadi saa saba kitakuchoma ulimi. Chakula vuguvugu usikitie, utakuwa unafuga vijidudu.

MASWALI YA WANACHAMA

Nyar Seme: Baba Tito, hongera kwa somo. Lakini wengine hatuna friji, na stima yenyewe ni ya kuja na kuondoka. Tufanyeje?

Jibu: Dada, usipike maharagwe ya wiki. Watu husema "nitayachemsha asubuhi na jioni", ila sumu nyingine zikishatengenezwa hazifi kwa kuchemshwa. Wewe andaa vikavu: omena zilizokaushwa vizuri, ununue chache chache umalize ndani ya siku mbili tatu, njugu, unga wa wimbi uliopimwa kwenye vifuko vya siku. Maharagwe loweka kikombe kimoja kila usiku, au nunua yaliyochemshwa kwenye kibanda unachokiamini, kiasi cha siku hiyo tu, uyakaange ukifika. Ndengu pia zinaiva haraka kuliko maharagwe. Uamuzi wa Jumapili unabaki ule ule. Kupika ndiko kunakogawanywa. Na sisi wenye friji, stima ikikatika tusifungue mlango ovyo. Ikikosekana kwa zaidi ya muda wa saa nne, chakula kilichopikwa kwenye sehemu ya chini nakimwaga, ingawa roho inauma.

Kijana wa Nyalenda: Maharagwe kila siku? Bro, tumbo! Nakaa ofisi ya watu sita.

Jibu: Pole kwao, ndugu yangu. Loweka kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, maji ya kwanza yamwage, usiyapikie. Anza na nusu mgao wiki mbili, tumbo lizoee. Na tafuna, usimeze kama unakimbizwa.

Mwalimu wa Ahero: Mimi nina watoto watatu na mzee ambaye akiona maharagwe mara mbili kwa wiki anauliza kama kuna matanga. Hii inafaa familia?

Jibu: Mwalimu, usiwalazimishe. Lisha wao kawaida yenu jioni, wewe weka mpango wako kwenye kifungua kinywa na chakula cha mchana tu, ambavyo ni vyako peke yako. Mimi mwenyewe Tito akija likizo mpango wa jioni unavunjika. Kwa mzee, jaribu ule mgao wa njugu kabla hujamwambia ni maharagwe yale yale.

Mama Pendo, Kondele: Nina sukari. Uji na ugali si vitanipandisha?

Jibu: Mama, shikamoo. Wanaokuhudumia kliniki ndio wa kukupangia, hasa kama unatumia dawa au sindano, kwa sababu ukibadilisha chakula ghafla sukari inaweza hata kushuka mno. Ninachoweza kusema ni kwamba kipimo kinahesabu: ugali usizidi ngumi yako, nusu ya sahani iwe mboga, na uji usitiwe sukari. Faida yako ni moja kubwa: ukila kitu kile kile kwa kipimo kile kile, ukipima sukari unajua kilichoipandisha ni nini. Nenda na hiyo karatasi ya mlangoni ukawaonyeshe.

Wuod Alego: Omena mwezi wa tano hazishikiki kwa bei. Hilo hukuligusa.

Jibu: Umenipata. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa ziwa ili zizaane, na bei inapanda. Miezi hiyo jioni yangu ni mayai mawili au ndengu. Wengine hununua gorogoro (mikebe ya kupimia) kadhaa mwezi wa tatu na kuweka. Zangu ziliota ukungu zikiwa kabatini, na chochote chenye ukungu ni cha kutupa.

Nyar Seme: Swali la mwisho. Chai nayo umeiweka wapi? Sijaiona popote.

Jibu: Nilijua mtaigundua. Chai ya rangi au ya maziwa ukiinywa na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga. Isogeze saa moja mbele au nyuma. Mimi nanywa saa nne asubuhi. Kwenye maharagwe kamulia ndimu, hiyo inasaidia chuma kuingia.

Kijana wa Nyalenda: Na Ijumaa jioni? Hiyo hujaitaja.

Jibu: Ijumaa jioni Mama Tito anashuka stendi na mfuko wa parachichi, na tunaelekea Dunga, ufukweni, kula samaki wa kukaanga. Kontena la kijani linabaki kwenye beseni, limeloweka.