Pampu ya kisima kirefu: pima kisima kwanza ndo uende dukani

Watu wengi wakishachimba kisima na maji yakatoka, kesho yake wako dukani wanaulizia pampu. Muuzaji anauliza kisima kina mita ngapi, mtu anajibu themanini, anapewa pampu iliyoandikwa mita themanini na biashara imeisha. Matatizo yanaanzia hapo hapo, maana urefu wa shimo hauchagui pampu. Kinachochagua pampu ni maji yakitulia yanasimama wapi, ukiyavuta yanashuka mpaka wapi, na kisima kinatoa lita ngapi kwa saa bila kuishiwa.

Namba hizo tatu zinapatikana kwa kupima kisima, yaani kuvuta maji mfululizo masaa mengi, siku nzima ikiwezekana, huku mtu anafuatilia kina cha maji mle ndani na kuandika. Mchimbaji akupe karatasi ya vipimo, na mdai kabla hujammalizia pesa yake, ukishalipa yote utamtafuta sana.

Tuseme shimo ni mita 80, maji yakitulia yako mita 25, ukivuta lita 3,000 kwa saa yanashuka mpaka mita 45 alafu yanabaki hapo hapo. Pampu yako itapandisha maji kutoka 45, sio 80 wala 25. Ongeza mita 8 za mnara wa tenki, ongeza na kama mita 5 kwa ajili ya msuguano wa kwenye mabomba na kona zake, unapata 58. Sasa dukani unauliza pampu inayotoa kama lita 2,500 kwa saa ikiwa inapandisha mita 58. Na hapa wengi wanapigwa: boksi limeandikwa mita 80 na lita 5,000, mtu anadhani atapata vyote kwa pamoja, kumbe zile mita 80 ni pale ambapo haitoki hata tone na zile lita 5,000 ni pale isipopandisha chochote. Omba ule mchoro wa pampu, tafuta 58 upande wa mita uone inaangukia lita ngapi. Muuzaji asiye na mchoro, mi nisingenunua kwake.

Nimesema 2,500 wakati kisima kinaweza 3,000, ni makusudi. Kuna hii tabia ya kupenda pampu kubwa ili tenki lijae haraka, na ndo inaua visima. Pampu ikizidi uwezo wa kisima maji yanashuka mpaka inaanza kuvuta hewa, mchanga unaanza kutembea kuingia kwenye kesingi (lile bomba linaloshikilia kuta za kisima), mota inapata moto, na mwisho unapoteza pampu na pengine kisima chenyewe. Kwa shamba hesabu sio ngumu: ekari moja ikihitaji milimita 5 za maji kwa siku ni kama lita 20,000, kwa hiyo hiyo pampu ndogo ya lita 2,500 inazimaliza kwa masaa 8. Una ekari mbili basi gawa shamba, au weka dripu ambayo inapoteza maji kidogo, usiongeze pampu.

(Zile pampu za kukaa juu ya ardhi sahau kama maji yako chini zaidi ya mita 7 hivi, hazivuti, hata iwe na nguvu kiasi gani.)

Kuning'iniza sasa. Kwa mfano wetu pampu ikae kama mita 55, chini ya pale maji yanaposhukia, lakini mbali na kitako cha kisima maana tope linatulia kule. Na isiangaliane na zile sehemu za kesingi zenye matundu ya kuingizia maji, itanyonya mchanga. Kitu ambacho mafundi wengi hawakisemi ni kwamba mota iko chini ya pampu na inapozwa na maji yanayopita ubavuni mwake kwenda juu, kwa hiyo kama matundu yote yako juu ya pampu, maji yanateremka na kuingia moja kwa moja bila kupita kwenye mota, inapikika ikiwa ndani ya maji. Dawa yake ni kuivisha koti la bomba linalolazimisha maji yapite chini kwanza. Hilo hilo lifanye kama kesingi ni pana sana kuliko pampu.

Kiungo cha waya usikifanyie masihara. Kebo ya mota inaungwa na kebo ndefu ya kwenda juu na kiungo kinakaa majini miaka yote, teipu ya kawaida haiwezi hiyo kazi hata uzungushe mara ngapi. Tumia soketi za kubana waya, kila waya uvalishwe mpira wake wa kunywea kwa moto wenye gundi ndani, alafu juu yake mpira mwingine wa kufunika zote. Kabla ya kushusha chovya kiungo kwenye ndoo ya maji, fundi apime na mega, kile kipimo cha kuona kama umeme unavuja, kati ya waya na maji, akimaliza kushusha pampu apime tena, maana kebo inaweza kuchubuka kwenye mdomo wa kesingi mkiwa mnashusha. Na unene wa kebo ufuate umbali wote kutoka swichi mpaka kwenye mota, ikiwa nyembamba volti zinapungua njiani, mota inavuta ampia nyingi na kuungua.

Pampu ishikwe na kamba imara isiyooza, nailoni nzito au waya wa chuma kisichoshika kutu, ifungwe juu kwenye kitu kisichochomoka. Usivute pampu kwa kebo, KAMWE. Kebo ifungwe kwenye bomba kila mita 2 au 3 lakini iache ulegevu kidogo, bomba la plastiki linarefuka likijaa maji. Bomba liwe la presha inayotosha, kila mita 10 za maji ni kama baa 1. Weka valvu ya kuzuia maji yasirudi, nyingine inakuja ndani ya pampu yenyewe, angalia kwanza.

Usiijaribu pampu nje bila maji eti uone kama inazunguka, beringi zake zinalainishwa na maji, sekunde chache tu zinatosha kuziumiza. Mara ya kwanza washa geti valvu (ile ya kufungulia na kufunga maji kule juu) ikiwa imefunguliwa kidogo, maji yakisafika ongeza taratibu. Yakitoka na mchanga usizime, acha mpaka yawe safi, ukizima mchanga unarudi chini na kukaba pampu. Kama ni umeme wa fezi tatu na maji ni kidogo kuliko ilivyotakiwa, huenda inazunguka kinyume, zima umeme kabisa alafu badilishanisha nafasi za waya mbili.

Kwenye boksi la swichi usikose kinga ya kuzima pampu maji yakiisha, kinga ya ampia kuzidi na kinga ya radi. Wa sola, hela ya betri bora uweke kwenye tenki kubwa, jua likiwaka unajaza, usiku maji yanashuka yenyewe. Futa vumbi kwenye paneli, asubuhi zikiwa bado za baridi.

Juu ya kisima kesingi itokeze angalau sentimita 30, zege lizunguke na literemke kuelekea nje, mfuniko ubane. Baada ya kufunga pampu tia klorini kisimani, mikono na kamba zote zimeingiza uchafu mle.

Matunzo yenyewe ni daftari tu. Mara moja kwa mwezi chukua ndoo ya lita 20, kinga maji hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 29 ni karibu lita 2,500 kwa saa, uko sawa. Andika na ampia, na kina cha maji. Mwezi ukiona ndoo inachukua sekunde 40, kwanza angalia kina, kama maji hayajashuka basi bomba linavuja huko chini au pampu imelika na mchanga. Ampia zikipanda, pima volti kwanza, zikiwa sawa ndo ufikirie beringi au kitu kimekaba. Pampu inayowaka na kuzima kila baada ya dakika chache mara nyingi shida ni floti ya tenki au valvu inarudisha maji.

Siku mkiitoa kwa matengenezo, umeme umekatwa na swichi imefungwa kwa kufuli, teremsheni kamba yenye uzito mpaka chini mpime. Kisima kilikuwa 80, kikisoma 74 maana yake mita 6 zimejaa mchanga, kisafishwe kwa kompresa kwanza kabla hamjarudisha pampu.