Kufufua tangi la zamani la pikipiki na kulihifadhi lisioze tena

Matangi mengi ya zamani ninayoletewa yakiwa hayafai tena hayakuuawa na kutu. Yameuawa na usafishaji: asidi ya betri iliyoachwa ndani usiku kucha, maji yaliyobaki kwenye kona baada ya kuosha, au epoksi (gundi ngumu ya kupaka ndani ya tangi) iliyomiminwa juu ya kutu na mafuta. Kutu yenyewe inatoka bila shida kubwa. Kazi ngumu ni kulikausha tangi na kulilinda kuanzia dakika linapokuwa safi. Ukilielewa hilo, tangi la Honda CG125 ya zamani, au la Yamaha DT iliyolala stoo tangu mzee astaafu, linarudi barabarani. Na linastahili kurudi, kwa sababu tangi la kuazima kutoka pikipiki nyingine mara nyingi halikai sawa kwenye mipira ya mbele, linatikisika, na mwishowe linapasuka pale pale linapokwaruza fremu.

Kwanza, mvuke

Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Petroli yenyewe ikiwa kimiminika haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na unaanza kuwaka ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa iliyomo. Tangi lililomwagwa mafuta jana limejaa mchanganyiko huo. Fanya kazi nje, mbali na jiko, sigara na grainda. Balbu ya waya isiingizwe ndani; tumia tochi ndogo ya betri, na uiwashe kabla hujaisogeza kwenye mdomo wa tangi.

Jambo jingine ambalo vijana hawalijui: pikipiki ya miaka ya 80 ilikunywa petroli yenye risasi, yaani ile metali yenye sumu. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia 2006, lakini tope lililokauka ndani ya tangi la zamani linaweza kuwa nayo bado. Vaa glavu, usipulize koki (bomba dogo la kufungulia mafuta chini ya tangi) kwa mdomo, na usimwage tope hilo bustanini.

Kagua kabla ya kugusa kemikali

Mwaga mafuta yote kwenye chombo. Petroli iliyolala muda mrefu inakuwa ya kahawia na inanuka kama vanishi. Usijaribu kuichanganya na mpya uitumie. Fungua koki. Ndani yake utaona vijiti viwili, kirefu cha matumizi ya kawaida na kifupi cha rizevu, vyenye chujio la wavu. Wavu ukiwa umefunikwa unga mwekundu, ujue na kabureta inakusubiri uisafishe.

Sasa geuza tangi, uangalie tumbo lake. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanazama. Pikipiki inayoegemea stendi ya pembeni inalala kushoto, na maji yanakusanyika kona ya chini ya upande huo, mara nyingi nyuma. Pitisha kidole pole pole juu ya rangi ya hapo. Ukikuta vilengelenge vidogo, bonyeza kwa ncha ya bisibisi nyembamba. Bati zima linakataa. Bati lililooza linabonyea au linatoboka, na ni afadhali litoboke sasa kuliko likiwa juu ya injini ya moto.

Kupima uvujaji, ziba matundu yote, paka povu la sabuni nje, kisha ingiza hewa kidogo sana kwa pampu ya baiskeli. Usiunganishe kompresa. Tangi halikutengenezwa kubeba presha. Litavimba mbavu na halitarudi umbo lake.

Osha mafuta kwanza

Hatua hii inarukwa na wengi, na ndiyo sababu asidi inakula kutu upande mmoja na kuacha mwingine. Gundi ya petroli ya zamani inafunika kutu, na siki haiwezi kuipenya. Maji ya moto na sabuni ya vyombo, tikisa, mwaga, rudia mpaka maji yatoke bila harufu ya petroli.

Kama kutu imejenga magamba, ingiza mnyororo mwembamba, ule wa kufungia mbuzi, huku mwisho wake ukiwa umefungwa waya unaobaki nje ya mdomo. Funga tangi kwenye blanketi, tikisa kila upande. Kokoto usiweke: zinavunjika na kukwama nyuma ya kingo za ndani, halafu utazisikia zikigonga miaka yote. Ukitumia nati, zihesabu zikiingia, uzihesabu zikitoka.

Toa kutu

Nina njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni asidi ya sitriki, ule unga mchachu wanaoutumia watengeneza juisi. Gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu. Ya pili ni siki nyeupe ya kawaida bila kuichanganya na maji. Inakwenda polepole, siku moja hadi tatu, lakini inasamehe. Asidi ya betri na ile ya kusafishia vyoo ziache: zinakula bati zima sawasawa na kutu, na bati la tumboni tayari limepungua.

Ziba tundu la koki kwa kipande cha bati na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukibane kwa bolti zile zile za koki. Paka nta au grisi kwenye rangi ya nje kuzunguka mdomo, hasa kama stika za kiwandani bado zipo, maana hizo hupati tena. Kisha jaza mpaka juu kabisa. Ukijaza nusu, mstari wa maji unakuwa mstari wa kutu mpya, na paa la tangi linabaki lilivyokuwa. Usikaze kifuniko, asidi ikila bati inatoa gesi. Angalia kwa tochi kila baada ya saa chache ukitumia sitriki, na usipitishe siku moja. Bati likishakuwa la kijivu, mwaga. Usisubiri ling'ae.

Kwa kutu nzito sana kuna njia ya umeme: maji yenye soda ya kufulia, chaja ya betri ya volti 12, waya hasi kwenye tangi, waya chanya kwenye nondo ya chuma cha kawaida inayoning'inia ndani bila kugusa bati popote. Chuma cha pua hakifai kwa sababu kinatoa kromiamu yenye sumu, na chumvi ya mezani haifai kwa sababu inatoa klorini. Njia hii inatoa haidrojeni, kwa hiyo ifanyike nje, na chaja izimwe kabla ya kugusa waya wowote.

Saa inayoamua kila kitu

Bati lililotoka kwenye asidi liko uchi kabisa. Ukiliacha na maji, ndani ya dakika chache litapata ukungu wa rangi ya chungwa, na hapa pwani, Tanga au Mombasa, ni haraka zaidi. Kwa hiyo andaa kila kitu kabla hujamwaga asidi: ndoo ya maji yenye bikabonati ya soda, vijiko viwili vya chakula kwa lita, sufuria ya maji ya moto, draya ya nywele, na oili ya tustroki, ile ya injini za mipigo miwili.

Mwaga asidi, mimina bikabonati, acha itoe povu mpaka itulie, tikisa, mwaga. Suuza mara moja kwa maji ya moto, kwa sababu bati likipata joto linajikausha lenyewe kwa kasi. Geuza mdomo chini, tikisa, kisha elekeza draya kwenye tundu la koki ili hewa ya moto ipande na itokee mdomoni. Geuza tangi kila mara. Maji hujificha kwenye mikunjo ya maungio pembeni, na hayatoki bila kulazwa pande zote. Ukidhani limekauka, endelea.

Likikauka, mimina kikombe cha oili ya tustroki, zungusha hadi kila ukuta upate, mwaga inayobaki.

Kama kuna tundu la sindano, oili isubiri. Lehemu ya bati kwa pasi nzito ya kulehemu inatosha, na haihitaji moto wa wazi. Shimo kubwa ni la fundi wa gesi, naye ajaze tangi maji mpaka karibu na shimo ili pasibaki nafasi ya mvuke. Epoksi ya ndani naitumia pale tu matundu ni mengi, tena juu ya bati lililo kavu na lisilo na oili. Ikishika vibaya inabanduka vipande vipande, na vipande hivyo vinaziba koki kuliko kutu yoyote.

Kulihifadhi

Pikipiki inayosimama wiki chache: jaza tangi karibu pomoni, ukiacha nafasi ndogo ya kutanuka, ili hewa yenye unyevu isipate pa kukaa. Funga koki, mwaga mafuta ya kabureta. Hakikisha tundu dogo la hewa kwenye kifuniko liko wazi.

Kwa miezi au miaka fanya kinyume. Tangi litolewe kwenye fremu, liwe tupu, kavu, limepakwa oili ndani. Koki na mdomo vifungwe. Lifunike kwa shuka la pamba, usilitie kwenye mfuko wa nailoni unaofungia jasho. Usiliweke juu ya sementi. Litundike kwenye boriti kwa kamba pana iliyofungwa kitambaa, au rafuni juu ya mbao. Kabla ya masika na kabla ya vuli, lishushe, fungua, mulika tochi, zungusha oili upya. Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi ukifunge kwenye koki, maana hapo nyumbani si wewe peke yako utakayelikuta.

Siku ya kulirudisha, suuza oili kwa petroli kidogo na uimwage, weka mpira mpya wa mafuta na chujio jipya la kioo au plastiki angavu kabla ya kabureta. Tembea na chujio bila kulifunika. Likianza kuonyesha unga mwekundu chini ndani ya wiki ya kwanza, kona ya kushoto haikukauka vizuri. Toa tangi urudie kuanzia kwenye siki.