Kipi uweke dukani na kipi ungoje oda: kwa sisi tunaouza vitu vya mbao vya kuchonga hapa Amu (Lamu)

Kabla fundi hajashika patasi jiulize hivi, mteja huyu asiponunua kitu hiki, mwengine atakichukua kama kilivyo? Kama ndio weka stoki, kama sio ngoja oda.

Marufaa (vile vibao vya kuwekea msahafu ukisoma), fremu za kioo, visanduku, hivyo weka bila wasiwasi, maana mgeni anataka kitu cha kuingia begini leo leo, kesho anavuka kwenda kisiwa cha Manda kupanda ndege, humwambii arudi wiki ijayo. Lakini mlango usithubutu! Nyumba zetu za matumbawe ukuta huu umeinama, ule mnene, hupati nafasi mbili za mlango zenye kipimo kimoja. Mimi nilichongesha mmoja wa nakshi bila mwenyewe, nikajisemea utapata mtu tu, ukakaa miezi minane naupangusa vumbi, mwisho nikauza kwa bei ya mbao. Ufundi wote bure.

Sasa hesabu ya stoki. Tuseme marufaa yanaondoka 4 kwa wiki na fundi anachukua wiki 2 kuleta mengine, hapo ni 8, ongeza 3 ya dharura kwa sababu mbao zinashukia Mokowe, upande wa bara, halafu zije kwa boti na wakati wa upepo wa kusi bahari ina mambo yake. Basi yakifika 11 mwambie fundi aanze, usingoje shelfu iwe tupu. Yaliyolipiwa ambayo mwenyewe hajachukua usiyahesabu hata kama unayaona pale, na yaliyo kwa fundi yahesabu, la sivyo utaagiza mara mbili (yamenikuta).

Vya oda vina daftari lake: vipimo upime mwenyewe, mara mbili, usikubali vya kuambiwa kwa simu, aina ya mbao, picha ya nakshi, siku ya kuchukua. Arubuni angalau itoshe kununua mbao. Na mbao zikifika andika jina la mteja kwa chaki, fundi akikosa za visanduku atazikata hizo hizo na hatakwambia.

Alafu kuna vya katikati, na mimi naona hapa ndio kuna pesa. Mfano kiti cha enzi, kile cha mbao kinachosukwa kamba: kata vipande, chonga, unganisha, kisha acha hapo, usisuke wala usipake rangi. Mteja akija anachagua kamba na rangi, wewe unamalizia siku 4 badala ya kumngojesha mwezi, na asipokuja huyo kile kiti bado ni cha yeyote.

Maulidi ikikaribia mji unajaa, hapo 11 haitoshi, mie hupandisha mpaka 20 na fundi namwambia mapema, maana wiki yenyewe ya Maulidi hata yeye humpati.