Kuchagua gobore la kuwindia kulungu: CVA, Traditions, Knight au Thompson/Center?

Kabla hujauliza kama chapa ya CVA inaishinda Traditions, fungua kanuni za jimbo utakalowinda. Marekani haina sheria moja ya msimu wa magobore, yaani bunduki zinazojazwa kupitia mdomo wa mtutu. Kila jimbo lina yake, na kanuni hizo huondoa bunduki nyingi kwenye orodha yako hujagusa hata moja. Pennsylvania ina msimu wa baada ya Krismasi unaoruhusu gumegume tu: jiwe na chuma, hakuna fataki (kile kikofia kidogo cha kulipuka kinachowasha baruti). Colorado, katika msimu wake wa magobore, imekataza darubini, saboti (kile kikombe cha plastiki kinachovaa risasi) na baruti ya vidonge. Unabaki na baruti ya kumimina na vilengeo vya wazi. Idaho inakataa hata fataki za 209, zile za bunduki za marisau, na inataka sehemu ya kuwashia iwe wazi. Majimbo mengi ya mashariki, kwa upande mwingine, hayana shida na lolote kati ya hayo.

Watengenezaji wanalijua jambo hili. CVA, Knight na Traditions wametoa matoleo yenye jina la Northwest, yaliyofungwa chuchu (kishikio kidogo cha fataki) ya fataki za musketi na vilengeo vya chuma. Kama unawinda majimbo ya magharibi, tafuta hilo jina kwanza. Bunduki ya kawaida ya duka, yenye darubini tayari juu, itakuwa mzigo tu.

Msokoto wa mtutu

Gobore la kisasa huitwa inlaini. Fataki yake inakaa nyuma ya baruti kwenye mstari mmoja na mtutu, kwa hiyo moto hausafiri kwa kona. Mtindo huu ulienea baada ya Tony Knight kutoa MK-85 mwaka 1985. Gobore la jadi, kama yale ya Lyman na Pedersoli, huwaka kutoka ubavuni, ama kwa fataki namba 11 ama kwa gumegume.

Tofauti kubwa kati ya makundi haya mawili imo ndani ya mtutu. Mifereji ya ndani huisokota risasi, na kasi ya msokoto huandikwa kwa inchi: 1:60 maana yake risasi inazunguka mara moja kila inchi 60. Lyman Great Plains ina 1:60 kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya gololi ya madini ya risasi iliyofungwa kitambaa. Ndugu yake, Great Plains Hunter, ina 1:32 kwa risasi ndefu. Hawken ya Thompson/Center imekaa katikati, 1:48, inakubali vyote viwili bila kung'ara sana kwa chochote. Inlaini nyingi za kaliba .50 (kipenyo cha mtutu cha nusu inchi) zina 1:28, na hapo saboti ndipo zinapotulia.

Ukichanganya, karatasi ya shabaha itakuambia. Risasi ndefu ikipigwa kwenye 1:60 haipati mzunguko wa kutosha, inapinduka hewani, na tundu lake linakuwa refu kama tundu la kufuli. Gololi kwenye 1:28 yenye baruti nyingi hufanya kinyume: kitambaa kinashindwa kushika mifereji, kinateleza, na matundu yanatawanyika bila mpango. Wengi hulaumu chapa hapo, na chapa haina kosa.

Kwa bunduki iliyotumika isiyo na maandishi, pima mwenyewe. Hakikisha kwanza haina shehena. Chukua mdeki (fimbo ya kushindilia) ambao mpini wake unazunguka bure, funga kitambaa kinachobana, usukume hadi chini. Weka alama ya kalamu upande wa juu wa mdeki, kisha uvute polepole mpaka alama igeuke robo duara. Pima umbali uliovuta, zidisha kwa 4. Inchi 7 ni 1:28, inchi 12 ni 1:48, inchi 15 ni 1:60.

Kizibo cha nyuma

Kama ungeruhusiwa kukagua kitu kimoja tu dukani, kingekuwa hiki. Kizibo ni ile skrubu nene inayofunga nyuma ya mtutu na kubeba fataki. Hutoka kila unaposafisha, na ndicho kinachofanya watu waipende au waichukie bunduki baada ya msimu wa pili.

CVA Optima, Accura na Wolf za sasa zina kizibo kinachofunguka kwa vidole. Cha Traditions, kiitwacho Accelerator, kinatoka kwa mizunguko mitatu kamili, pia kwa mkono. Cha Thompson/Center Triumph ni rahisi zaidi: robo duara na kimetoka. Knight wanahitaji spana, na nyingi kati ya bunduki zao ni za komeo (kipande cha nyuma kinachovutwa kwa mkono), kwa hiyo unatoa komeo kwanza. Si kasoro, ni kazi ya ziada tu, na uzi wake hushika imara.

Jaribu hivi: vaa glavu za kuwindia, fungua na ufunge kizibo mara tano. Kama kinakwama kikiwa kisafi, usitegemee kitafunguka kikiwa na masizi ya siku nzima. Kisha kitazame kwa mbele. Katikati kuna tundu dogo la kupitishia moto, takriban inchi 0.030 kikiwa kipya. Ncha ya kekee ya inchi 1/32 ikiingia na kucheza, tundu limeliwa: gesi itarudi nyuma, itachafua darubini, na risasi zitaanza kutofautiana kasi. Dawa ni kizibo kipya, na kama hakiuzwi tena, achana na bunduki hiyo.

Vizibo hukwama kwa sababu moja karibu kila mara. Mtu amepiga, amerudi nyumbani amechoka, ameiacha bunduki siku tatu. Masizi yamevuta unyevu, yamegeuka kutu ndani ya uzi. Paka grisi inayostahimili joto kwenye uzi kila unapokifunga, na kifungue siku ileile ya kupiga. Kikishakwama, loweka kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku mzima na utumie spana yake halisi. Usipashe mtutu moto.

Chapa zenyewe

CVA ndiyo wengi huishia nayo, na kwa sababu nzuri. Mitutu yake ya ngazi ya juu hutoka kiwanda cha Bergara, Hispania, na vipuri vyake havina tabu kupatikana. Wolf ina mtutu wa inchi 24, ni nyepesi, inafaa anayepanda jukwaa la mtini, lakini wepesi huo unalipiwa begani: teke lake linasikika. Optima ina inchi 26 na ndiyo ya kupendekeza kwa mtu asiyejua aanzie wapi. Accura inaongeza kifyatulio laini zaidi na umaliziaji bora. Kulungu wa yadi 80 hataona tofauti. Paramount ni ya komeo, ya kubeba baruti nyingi na kupiga mbali. Kwa msitu mnene ni kama kuchinjia kuku kwa panga.

Traditions huwa bei nafuu katika ngazi zote. Buckstalker ni ya kuanzia, Vortek StrikerFire haina nyundo ya nje: unasukuma kitufe mbele kuitega, na mshindo wa kutega ni mdogo. Kisha kuna NitroFire, ambayo ni habari nyingine kabisa. Risasi inaingia mdomoni, lakini baruti inakuja ndani ya mrija wa plastiki uliofungwa, FireStick ya Federal, unaoingizwa kwa nyuma. Ni safi, haraka, na unyevu hauingii. Lakini yapo majimbo yasiyoihesabu kuwa gobore katika msimu huo, na kisheria huuzwa kama bunduki ya kawaida, kwa fomu na ukaguzi wa mnunuzi. Soma kanuni mara mbili kabla ya kulipa.

Knight ni za mtu anayependa kurekebisha mambo. Kifyatulio hurekebishika, mtutu una sifa ya kulenga vizuri, na komeo huifanya ifanane mkononi na bunduki ya kawaida. Kuisafisha kunachukua muda mrefu kuliko zote hapa.

Thompson/Center ilinunuliwa na Smith & Wesson mwaka 2007, wakaisimamisha na kuiweka sokoni 2021, na mwaka 2024 ikapata mmiliki mpya. Encore, Omega na Triumph za zamani zimejaa kwenye soko la mitumba na ni bunduki bora. Tafuta kizibo cha akiba kabla ya kununua, si baada.

Kwenye mitumba hiyohiyo, inlaini za CVA ambazo namba ya mtutu inaishia na -95 au -96 ziliitwa zirudishwe kiwandani. Usiipige, hata kwa majaribio. Na Savage 10ML ilitengenezwa kustahimili baruti isiyo na moshi. Nyingine zote zilizotajwa hapa hazistahimili: kijiko kimoja cha baruti hiyo kinatosha kupasua mtutu mbele ya uso wako.

Kulisha bunduki, ndipo uhukumu

Bunduki mbili haziwezi kulinganishwa kwa chakula kimoja. Kila moja ina risasi inayoipenda, nawe lazima uitafute.

Pima baruti kwa ujazo, kwa kipimo cha greini (kipimo kidogo kinachotumika kwa baruti na kwa uzito wa risasi), ukiwa umeimimina kwenye kipimo kwanza. Usimimine kutoka koponi moja kwa moja mtutuni: cheche iliyobaki ndani itageuza kopo bomu. Anza na greini 80 za Triple Seven au Pyrodex, baruti mbadala za baruti nyeusi, na risasi ya greini 250 ndani ya saboti. Panda 90, kisha 100. Inlaini nyingi huruhusiwa 150, yaani vidonge vitatu vya 50, ila ukipita 110 teke linakua haraka kuliko faida na matundu huanza kuachana. Blackhorn 209, baruti nyingine mbadala, ni nyepesi, greini 100 za ujazo ni kama 70 za uzito, hivyo mizani na kipimo visichanganywe. Inahitaji fataki kali, kama CCI 209M au Federal 209A, na kizibo kinachoikubali. Bila hivyo utasikia tiki, kimya, halafu mlio. Ikitokea kimya, mdomo wa bunduki ubaki kwenye shabaha dakika nzima kabla hujagusa chochote.

Shindilia risasi kwa msukumo mmoja ulio sawa hadi ikae juu ya baruti. Ikibidi kugonga mdeki kwa kiganja, saboti ni nene, tafuta nyembamba. Ikishuka kwa uzito wake yenyewe ni hatari zaidi, kwa maana itateleza mbele ukitembea mdomo ukiwa chini, na nafasi tupu kati ya risasi na baruti hutunisha mtutu. Risasi ikikaa, chora mstari kwenye mdeki usawa wa mdomo. Mstari ukiwa juu siku nyingine, risasi haijafika au umetia baruti mara mbili. Chora wa pili bunduki ikiwa tupu.

Anza yadi 25 ili uwe kwenye karatasi, kisha 100. Piga tatu, ukipitisha kitambaa kibichi kisha kikavu baada ya kila mlio, na usubiri mtutu upoe dakika tano. Triple Seven hasa huacha pete ngumu ya masizi pale risasi inapokaa; usipoisafisha, risasi ya tatu itasimama juu kidogo ya mstari wako na kupiga kwingine. Matundu matatu ndani ya inchi 3 yanatosha kabisa kwa kulungu. Yakizidi inchi 4, badilisha saboti, kisha risasi, kisha kiasi cha baruti, kimoja kwa wakati. Chapa ibadilishwe baada ya yote matatu kushindwa.

Kwa shehena ya greini 100 na risasi ya 250, kilengeo kikiwekwa inchi 3 juu kwenye yadi 100, unarudi katikati karibu na yadi 150. Kwa gololi na vilengeo vya wazi, yadi 75 ni mbali.

Kuosha

Baruti nyeusi, Pyrodex na Triple Seven huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, siku hiyohiyo, kisha mtutu ukaushwe na kupakwa mafuta mepesi. Blackhorn haiyeyuki kwa maji. Tumia dawa ya kusafishia bunduki za kawaida. Kabla ya kuwinda, futa mafuta yote na vitambaa vikavu, maana tone moja likishuka kwenye kizibo linaweza kuinyamazisha fataki. Baada ya siku tatu pitisha kitambaa cheupe: kikitoka na rangi ya chai, kutu imeanza, na unaosha upya.